Alama Sita za Uthibitisho

Msikilizaji, kama una kalamu na kipande cha karatasi karibu, vishike. Kama umo ndani ya matatu inayotoka Chavakali kuja Kakamega mjini, tumia kichwa tu, maana hesabu yenyewe si ndefu.

Andika nambari hizi sita: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Hizo ni nambari tasa sita za mwanzo, zile zisizogawika bila baki ila kwa moja na kwa zenyewe. Zizidishe zote. Utapata 30,030. Ongeza moja, iwe 30,031. Swali langu: hiyo 30,031 nayo ni tasa?

Weka jibu lako pembeni kwanza.

Takriban miaka 2,300 iliyopita, Euclid, yule bingwa wa jiometri aliyefundisha Alexandria kule Misri, alithibitisha kwamba nambari tasa hazina mwisho. Taja orodha yoyote ya nambari tasa, iwe ndefu namna gani, na kuna nyingine iliyobaki nje. Uthibitisho wake ni mfupi, mistari mitano au sita hivi, na watungaji wa mitihani ya vyuo vikuu wanaupenda kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa hisabati atakutana nao mapema: "Thibitisha kwamba nambari tasa hazina kikomo. Alama sita."

Na atajibu. Ataandika: tuchukulie kwamba zina kikomo. Zipange zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Zizidishe, uongeze moja. Nambari hii mpya haigawiki kwa yoyote iliyo kwenye orodha, maana kila mara inabaki moja. Basi kuna nambari tasa isiyo kwenye orodha, na hilo linapingana na tulivyochukulia. Mwishoni anachora kisanduku kidogo cheusi kuonyesha kazi imekwisha. Mhadhiri anapitisha kalamu nyekundu, vyema sita, anafungua ukurasa unaofuata.

Sasa mvute mwanafunzi huyo kando, umuulize swali nililokuuliza wewe. Usishangae akikwambia, bila kupepesa macho, kwamba 30,031 ni tasa, kwa kuwa ndivyo uthibitisho ulivyosema. Wala si yeye peke yake; ni kosa ambalo walimu wa somo hili wamelizoea duniani kote. Lakini 30,031 si tasa. Ni 59 mara 509. Euclid hakudai kamwe kwamba ile nambari mpya ni tasa. Alichodai ni kwamba ina kigawo ambacho ni tasa, na kigawo hicho, kiwe ni yenyewe au ni nyingine ndogo yake, hakimo kwenye ile orodha yako. 59 haimo. 509 haimo. Uthibitisho uko salama salimini. Aliyeuandika ndiye asiyejua alichokiandika.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumze juu ya zile alama sita. Zilipima nini?

Mada hii ina wenyewe hapa kwetu. Chuo kikuu tunachokipita tukielekea Webuye kilianza mwaka 1972 kikiitwa WECO, chuo cha harambee, wazazi wa Magharibi wakichangishana ili watoto wao wapate elimu ya ufundi karibu na nyumbani. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili, kikabeba jina la Masinde Muliro, mwalimu aliyeingia siasa na kufariki mwaka 1992. Leo kinatoa wahandisi, wauguzi, wanasayansi, na walimu. Hao walimu ndio ninaowatazama. Wapo vijana wengi tu wanaochukua shahada ya ualimu wa hisabati hapa, Maseno, Kibabii na Kaimosi, na wengi wao wakimaliza hawaendi mbali. Utawakuta Malava, Navakholo, Shinyalu, Butere, Khwisero, wameshika chaki mbele ya watoto wako na wangu. Kama mwalimu aliupita uthibitisho kwa kukariri, huyo mtoto atapewa nini?

Tuanze na anakotoka mwanafunzi mwenyewe. Miaka minne ya sekondari amefanyizwa mazoezi ya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari. Karatasi mbili za hisabati, kila moja saa mbili na nusu, alama mia. Sehemu ya kwanza ina maswali kumi na sita ya lazima. Ya pili ina manane, achague matano. Wasahihishaji wanatoa alama za njia na alama za jibu, na kila mwalimu wa kidato cha nne anawaambia watoto: onyesha njia, hata jibu likikosewa utaokota alama moja mbili. Sina ugomvi na hilo, ni busara ya mtihani. Lakini katika karatasi zote mbili, ukiacha vile vifungu vya pembe za duara vinavyotaka utoe sababu, na siku mojamoja uonyeshe kwamba pande mbili ni sawa, mtoto haombwi kuthibitisha kitu. Anaombwa kutafuta: tafuta x, tafuta eneo, tafuta kasi ya lori lililotoka Eldoret.

Wazee wetu waliofanya mtihani wa Cambridge wanaweza kutucheka hapa. Wao walisoma jiometri ya Euclid, wakathibitisha kanuni ya Pythagoras wakiwa bado wamevaa kaptura. Baadaye ikaja hisabati mpya, ile iliyoanzia kwenye warsha za Entebbe miaka ya 1960, yenye seti na mengineyo, nayo ikaondolewa shuleni Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa amri ya Rais Moi baada ya wazazi na walimu kulalamika. Kila wimbi lilipopita lilibeba kidogo cha uthibitisho na halikurudisha. Ila tusidanganyane, wazee wangu. Hata ninyi wengi wenu mlikariri. Nimemsikia babu mmoja akiusoma uthibitisho wa Pythagoras mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesali rozari, na alipoombwa achore pembetatu ikiwa imeegemea upande mwingine, alikasirika.

Basi kijana huyu anaingia chuo, na muhula wa kwanza haujaisha anakutana na mhadhiri ambaye hatafuti x. Anathibitisha. Kufika mwaka wa pili au wa tatu kuna uchanganuzi halisi, lile somo la epsiloni na delta ambalo makomredi wakilitaja hupunguza sauti. Kijana anafanya alichofundishwa kufanya. Anatafuta utaratibu.

Na utaratibu upo. Karatasi nyingi za mitihani ya vyuo vikuu vyetu zina sura moja: swali la kwanza ni la lazima, alama 30, kisha chagua mengine mawili, kila moja alama 20. Hizo ni 70. Zile 30 nyingine zinatoka kwenye CAT, yale majaribio ya ndani ya muhula, na kazi za kupeleka. Ukipata 40 kwa jumla, umepita. Sasa nenda kwenye vibanda vya fotokopi, uombe karatasi za miaka iliyopita. Panga tano pamoja. Utaona uthibitisho uleule unarudi, mwaka huu kifungu b, mwaka ule kifungu d. Kijana mwenye akili timamu, mwenye masomo mengine sita na kodi ya chumba mtaani Kefinco ya kulipa, atafanya nini? Atachagua thibitisho kumi zinazopenda kurudi, azimeze. Asiyeweza kumeza ataziandika kwenye kikaratasi, ile mwakenya tunayoijua sote, aifiche kwenye soksi. Aliyemeza atapongezwa, mwenye mwakenya atapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu, na ni haki yake. Lakini ukiziweka karatasi zao mbili mezani, kwa habari ya kuelewa, msahihishaji hana njia ya kuzitofautisha.

Wale mlio wanakwaya mtanielewa. Kuna kwaya zetu za kanisani zinazoimba Kilatini, sauti nne, bila kukosa hata pumzi, na katika waimbaji arobaini huenda wawili ndio wanaojua maneno yale yana maana gani. Wimbo ni mzuri. Nisingethubutu kusema wanakwaya hao wanajua Kilatini.

Sasa, si kwamba dunia haijalishughulikia jambo hili. Mwaka 2003, John na Annie Selden, wataalamu wa elimu ya hisabati huko Marekani, walichapisha utafiti mdogo wenye kuuma. Waliwakalisha wanafunzi wanane wa chuo kikuu, mmoja mmoja, wakawapa kauli moja rahisi: nambari kamili ikijizidisha yenyewe na jibu likagawika kwa tatu, basi nambari yenyewe inagawika kwa tatu. Chini ya kauli hiyo wakaweka hoja nne zilizoandikwa na wanafunzi wengine. Kazi ilikuwa kusema ipi inathibitisha na ipi haithibitishi. Mara ya kwanza walipatia chini kidogo ya nusu. Ungerusha shilingi hewani ungepata hivyohivyo. Lakini habari haikuishia hapo, na mimi sehemu inayofuata ndiyo iliyonikaa. Watafiti hawakuwafundisha kitu. Waliendelea tu kuwauliza, wakawaacha wasome tena, wafikiri tena, na mwishoni wanafunzi walewale walipatia takriban mara nne kati ya kila tano. Uwezo ulikuwemo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuwaomba wautumie.

Miaka tisa baadaye, 2012, Juan Pablo Mejía-Ramos na wenzake waliandika mfumo mzima wa namna ya kupima kama mtu ameelewa uthibitisho alioupitia. Wanataja pande saba. Tatu ziko kwenye mstari mmoja mmoja: neno hili lina maana gani, mstari huu ni dhana tuliyoichukua au ni jambo tulilolipata, na mstari wa tano umetokaje kwenye wa nne. Nne zinautazama uthibitisho mzima, na hizo ndizo zinazoumiza kichwa. Hebu nieleze wazo kuu bila hesabu. Hebu ugawe vipande, useme kila kipande kina kazi gani. Hebu uutembeze kwa mfano wa nambari halisi, kama tulivyofanya na 30,031. Hebu uchukue mbinu hii uipeleke kwenye swali jingine.

Niichukue hiyo ya mwisho kidogo, kwa maana hapo ndipo ninapoona mtihani wa kweli ulipo, na tena hauhitaji mashine wala ruzuku kutoka Ulaya.

Mnaukumbuka ule uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu, nambari kamili juu na nambari kamili chini? Unachukulia kwamba kinaandikika, a juu, b chini, na sehemu umeifupisha mpaka haifupishiki tena. Unapata kwamba a ikijizidisha ni sawa na mara mbili ya b ikijizidisha. Kwa hiyo a inagawika kwa mbili. Ukisogea kidogo, b nayo inagawika kwa mbili. Lakini tulisema sehemu imefupishwa! Haiwezekani. Uthibitisho umekwisha.

Sasa usimwambie mwanafunzi auandike. Mpe ukiwa umechapwa wote kwenye karatasi ya mtihani, herufi kwa herufi. Mwakenya haina kazi tena. Kisha mwambie: kila palipo na 2 ya kipeuo, weka 4. Tunajua kipeuo cha pili cha 4 ni mbili kamili, kwa hiyo uthibitisho huu sasa ni lazima ukwame mahali. Unakwama mstari gani, na kwa nini?

Aliyekariri atatoa macho. Aliyeelewa atatembeza kidole mpaka kwenye mstari mmoja. Ukiwa na 4, a ikijizidisha inagawika kwa nne, ndiyo. Lakini hilo haliilazimishi a yenyewe igawike kwa nne. Mbili ikijizidisha inagawika kwa nne, na yenyewe haigawiki. Unachopata ni kwamba a inagawika kwa mbili tu, na ukiendelea na hilo unajikuta huna la kusema kuhusu b. Injini imezima. Na sasa anajua kitu ambacho wale waliopata sita kwa sita huenda hawakijui: uthibitisho wa kwanza ulisimama kwa sababu 2 ni nambari tasa, na mstari ule uliopitwa haraka haraka ndio uliobeba mzigo wote.

Mhadhiri anayenisikiliza atasema, ndugu mtangazaji, hayo ni matamu redioni, njoo uone mabunda ya karatasi ninayosahihisha. Namwelewa. Madarasa ya mwaka wa kwanza yanajaa ukumbi. Mwaka 2025 peke yake wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba wakidai malipo yaliyochelewa, na muhula uliobaki ukakimbizwa. Katika hali hiyo mtu atatunga swali ambalo majibu yake yatatazamwa mara moja na kupewa alama. Swali la kukariri lina faida moja kubwa: linasahihishika usiku. Naweka hilo wazi kwa sababu tukizungumza juu ya mitihani mibaya bila kutaja mishahara na wingi wa wanafunzi, tunawaonea watu.

Hata hivyo zipo njia za kupunguza kazi. Mejía-Ramos na wenzake walirudi mwaka 2017 na mitihani ya kuchagua jibu, a, b, c, d, kuhusu uthibitisho uliokwisha kuandikwa. Kuitunga ni kazi ya miezi, kwa sababu majibu ya uongo lazima yatokane na makosa ambayo wanafunzi wanayafanya kweli. Kuisahihisha ni dakika. Ningekuwa na la kusema kwa idara za hisabati za upande huu, ningesema Masinde Muliro, Kibabii, Maseno na Kaimosi mkae meza moja mtunge benki ya maswali ya namna hiyo, kila chuo kilete makosa ya wanafunzi wake. Umbali wenyewe ni nauli ya matatu.

Njia ya pili imetoka Uingereza. Ben Davies, Lara Alcock na Ian Jones waliitangaza mwaka 2020. Mwanafunzi anasoma uthibitisho, kisha anaandika muhtasari wake kwa maneno yasiyozidi arobaini. Msahihishaji hapewi mwongozo wa alama. Anawekewa mihtasari miwili, anaulizwa tu: upi bora? Anachagua, analetewa miwili mingine. Wasahihishaji kadhaa wakifanya hivyo mara nyingi, kompyuta inapanga wote kutoka chini hadi juu. Wazo hili la kulinganisha mbili mbili ni la Louis Thurstone, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu 1927, naye alitegemea ukweli kwamba binadamu ni dhaifu katika kutoa alama lakini si mbaya katika kulinganisha. Muulize mama wa pale Soko la Kakamega mkungu huu wa ndizi una kilo ngapi, atakisia. Mwonyeshe mikungu miwili, hatakosea ulio mzito.

Naipenda, lakini nina wasiwasi nayo kwa mazingira yetu. Maneno arobaini ya Kiingereza kizuri kwa kijana ambaye nyumbani anazungumza Kitsotso au Kikabras, shuleni akachanganya na Kiswahili, na Kiingereza chake ni cha kujibia mtihani, yatapima lugha kabla hayajapima hisabati. Aliyesoma shule ya kitaifa atang'aa. Dawa ipo: mwache afanye muhtasari kwa Kiswahili, au aseme kwa mdomo. Najua kanuni za mitihani zitapinga, na sijui kwa nini zinapinga. Alama zikiwa ni za kuelewa uthibitisho, basi uelewa usemwe kwa lugha ambayo mtu anafikiria nayo.

Mtihani wa mdomo, kwa kweli, ndio ninaoupigia debe hata kama unachosha. Mpe mwanafunzi dakika tano ubaoni katika CAT moja kwa mwaka. Aeleze uthibitisho mmoja, umkatize: kwa nini? Huo mstari umetoka wapi? Ukiondoa neno "kamili" itakuwaje? Kuna ambao watasema darasa la wanafunzi mia mbili haliwezekani. Dakika tano mara mia mbili ni saa kumi na saba kasoro. Gawanyeni kati ya wahadhiri wanne, ni saa nne na kidogo kwa kila mmoja. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya harusi iliyochukua zaidi ya hapo.

Na mtihani wa mdomo una faida mpya ambayo miaka mitano iliyopita nisingeitaja. Siku hizi ukimpa mwanafunzi kazi ya kuthibitisha aende nayo hosteli, programu ya simu inamwandikia kabla chai haijapoa. Inaandika kwa ufasaha, na "kwa hiyo" zote mahali pake. Mara nyingine ni sahihi. Mara nyingine kuna mstari mmoja katikati ambao hautokani na chochote, umevaa suti kama wenzake. Nani atauona? Kuandika uthibitisho sasa ni rahisi kuliko ilivyopata kuwa. Kuukagua ndiyo kazi iliyobaki kwa binadamu, na ndiyo kazi ileile ambayo wanafunzi wanane wa Selden waliianza kwa kurusha shilingi.

Nirudi kwa walimu, maana niliahidi kuwatazama. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10. Mpango wa awali ulikuwa kuwaacha baadhi ya watoto waachane na hisabati kabisa wakifika sekondari ya juu. Watu wakapiga kelele, na mwaka 2025 Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mtoto ataisoma, walio upande wa sayansi wasome ya kina na wengine ile nyepesi. Vizuri. Sasa fikiria mtoto wa kike wa shule ya kutwa Shinyalu anainua mkono: "Mwalimu, kwa nini hasi mara hasi ni chanya?"

Mwalimu anaweza kusema ndiyo sheria. Mtoto ataandika, na ndani yake atakuwa amejifunza kwamba hisabati ni amri za serikali. Au mwalimu anaweza kugeukia ubao. Moja jumlisha hasi moja ni nini? Sifuri. Hasi moja mara sifuri? Sifuri. Basi hasi moja mara mabano, moja jumlisha hasi moja, mabano, ni sifuri. Fungua mabano. Hasi moja mara moja ni hasi moja. Jumlisha hasi moja mara hasi moja, ile tusiyoijua. Jumla yake tumeshakubaliana ni sifuri. Ni nambari gani ukiijumlisha na hasi moja unapata sifuri? Darasa zima litajibu. Nusu dakika, chaki moja. Lakini mwalimu hawezi kuifanya hiyo kama chuoni alikutana na kanuni ya kufungua mabano kama sentensi ya kumeza ya alama mbili, bila mtu kumuuliza hata siku moja inatumika kuthibitisha nini.

Na huko chuoni lipo la kufanya. Mwaka 2014, Mark Hodds, Lara Alcock na Matthew Inglis walionyesha kwamba wanafunzi wakipewa mafunzo mafupi tu ya namna ya kusoma uthibitisho, wajieleze kila mstari umetokana na nini na unaungana vipi na wazo lililotangulia, wanaelewa zaidi, na faida hiyo ilikuwa bado ipo wiki kadhaa baadaye. Ni kijitabu kidogo na sehemu ya kipindi kimoja. Hilo halihitaji hata idhini ya seneti ya chuo. Mhadhiri anaweza kulifanya Jumatatu.

Tumebakiwa na dakika chache kabla ya taarifa ya habari, kwa hiyo walimu wa hisabati mlio hewani nami, chukueni kalamu nyekundu. Kauli ni ileile ya akina Selden: n ni nambari kamili, ikijizidisha na jibu likagawika kwa tatu, basi n yenyewe inagawika kwa tatu. Mwanafunzi ameandika hivi, kwa mwandiko safi: "Chukua n inayogawika kwa tatu, yaani n ni tatu mara k. Ikijizidisha inakuwa tisa mara k mara k, ambayo inagawika kwa tatu. Imethibitishwa." Kila hesabu aliyoifanya ni sahihi. Swali lina alama tano. Mpe alama zake, na ubavuni uandike sababu kwa sentensi moja ambayo yeye ataielewa. Laini za simu ziko wazi.